Kazi Iliyorudishwa Mara Tatu

"Mara tatu! Umenirudishia kazi mara tatu, na watu wote wanaona!"

Mchumba wake alisimama mlangoni, mishipa ya shingo imemtoka. Mwanamke aliyefokewa, ambaye waandishi wote wa programu pale kazini walimwita Dada Mkuu, hakuondoa macho kwenye kompyuta.

"Punguza sauti, mpenzi. Mtandao ukikatika katikati, mfumo wako unaandika dawa mara mbili. Hii ni kazi ya hospitali, si ya duka la vocha."

"Sema tu unatafuta ukuu kupitia mgongo wangu."

Hilo lilimchoma. Wiki ile mkurugenzi angetangaza mkuu mpya wa wahandisi. Miaka tisa alikuwa ameihangaikia nafasi hiyo, akipitwa na wanaume aliowafundisha kazi mwenyewe.

"Ukiikataa tena, mimi na wewe basi."

"Basi irekebishe, nisiikatae."

Mlango ukabamizwa. Jioni shangazi yake akapiga simu, habari keshazipata.

"Mwanangu, mwanaume hakosolewi hadharani. Mpitishie, mengine mtayamaliza ndani."

"Shangazi, mgonjwa akipewa dozi mara mbili, hayo tutayamalizia ndani gani?"

"Mh! Kichwa kigumu kama baba yako," shangazi akasema, akakata simu.

Kesho yake, saa tatu asubuhi, mfumo ukazinduliwa. Saa tatu na nusu mfamasia wa hospitali akapiga.

"Dada, mgonjwa mmoja ana dozi mbili kwenye skrini! Nimezuia, lakini kuna nini huko?"

Akafungua kumbukumbu za mfumo. Mchumba wake alikuwa ameipitisha kazi ile ile, bila kukaguliwa na mtu. Hakulia wala hakufoka. Ndani ya dakika nne akarudisha toleo la awali, na hakuna mgonjwa aliyedhurika.

Mkurugenzi akawakusanya wote, uso umemwiva.

"Nataka jina. Dada Mkuu, litaje, na cheo nakutangaza hapa hapa."

Akamtazama mchumba wake, aliyekuwa ameinamia viatu vyake. Alikuwa na hasira naye, na jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi.

"Jina sitoi," akasema. "Nikilitoa, kesho kila mtu ataficha kosa lake, na siku nyingine huenda mfamasia asiwahi kuzuia. Tatizo ni kwamba mtu mmoja anaweza kupitisha kazi peke yake. Mwanya huo niliuacha mimi, na leo nauziba."

"Kwa hiyo lawama unazibeba wewe? Na cheo je?"

"Nazibeba. Cheo mpe unayemtaka."

"Ni mimi!" Mchumba wake akasimama. "Nilijua nimekosea tangu aliponirudishia mara ya kwanza. Niliona aibu kukosolewa na mwanamke ninayetaka kumwoa."

Mkurugenzi akashusha pumzi.

"Wewe, kuanzia leo hupitishi chochote. Na huyu," akamgeukia Dada Mkuu, "ndiye mkuu wa wahandisi. Kama kuna mwenye neno, aseme."

Makofi yalivuma hadi mlinzi akaja kuchungulia.

Kwenye ngazi mchumba wake alimsubiri.

"Nisamehe. Na uchumba wetu?"

"Nimekusamehe. Ila ulisema basi, ikawa basi. Nataka kwanza nione tunaweza kuambiana ukweli."

Mwezi mzima yule mwanaume aliripoti kazini bila kinyongo, akikaguliwa kama mwanafunzi. Kisha siku moja Dada Mkuu akamtumia kazi aliyoiandika yeye mwenyewe: "Ikague."

Akaisoma mara mbili. Akajikuna kichwa, akaenda mezani kwake.

"Mkuu... hapa umekosea."

"Una uhakika?"

"Ninao. Siipitishi."

Watu wakaacha kubofya. Dada Mkuu akaisoma upya sehemu ile, na kweli alikuwa amekosea. Akacheka, akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Tafuta tarehe," akamwambia. "Sasa naolewa."