Sauti Moja kwa Watu Wawili

Jua lilikuwa limekwisha kuzama ng'ambo ya Mto Mekong, Phetsamone alipovuka ua wa hekalu kwenda kuichukua filamu. Kazi ilikuwa ndogo: kuitoa katika kopo lake, kukagua kipande cha mwisho kilichokuwa kimegandamana hadi mchana ule, kisha kuipachika kwenye projekta kabla watu hawajajaa. Mikeka ilikwisha kutandikwa, na shuka jeupe lilikwisha kuwambwa baina ya nguzo mbili.

"Phetsamone!" mzee Thongdam alimwita kutoka mkekani, shavu limemvimba kwa wali wa kunata. "Leo tutamwona mjomba wako? Au tutaoneshwa mkia tu?"

Wenzake wakaangua kicheko.

"Tafuna kwanza, mzee wangu," alijibu bila kusimama. "Ukipaliwa, usinitazame mimi. Mikono yangu ina kazi."

Wakacheka tena, safari hii wakimcheka Thongdam. Lakini Bouavanh, mama wa binti huyo, hakucheka. Alikaa peke yake mwisho wa mikeka ya wanawake. Kwa miaka hamsini na moja hapakuwa na mwanamke wa kijiji aliyethubutu kula naye wali wa kapu moja.

Chanzo kilikuwa swali. Kila kijana anayeingia utawani huulizwa mbele ya watawa: wewe ni mwanadamu? Huulizwa kwa sababu hapo kale joka la mtoni lilijigeuza kijana, likavaa joho, likakaa na watawa hadi lilipogunduliwa. Siku aliyopokewa Khamsouk, kaka yake Bouavanh, vijana walikuwa wengi na adhuhuri ilikuwa karibu. Na mtawa akishapitwa na adhuhuri hali tena mpaka kesho yake. Mwalimu akaharakisha. Akaacha kuwauliza mmoja mmoja, akawauliza wawili wawili kwa pumzi moja. Ilipofika zamu ya Khamsouk na kijana mgeni aliyepiga magoti ubavuni pake, mwalimu alisikia "Naam" moja tu.

Akapita. Wali ulikuwa unapoa.

Usiku ule Khamsouk akatoweka. Joho lake lilikutwa kwenye ngazi za mtoni, limekunjwa vizuri. Mgeni alionekana asubuhi katika msafara wa watawa, bakuli la sadaka mikononi, ametulia kama maji ya mtungini. Akakaa hadi mvua zilipokwisha, kisha akaenda zake asikokujua mtu. Kijiji kikakata shauri: aliyenyamaza ni Khamsouk, na ukoo wake ni ukoo wa joka.

Hakuna aliyekumbuka kwamba mkuu wa hekalu wa siku zile alikuwa na kamera, wala kwamba filamu zake zilibaki kabatini, zikikauka na kujikunja, zikimngoja mtu wa kuzitengeneza. Mtu huyo alikuwa Phetsamone.

Chumbani mlinuka siki, harufu ya filamu inayooza. Aliwasha meza ya mwanga, akainamia lenzi, akaivuta filamu taratibu, picha baada ya picha. Watawa wamekaa duara. Vijana wawili wamepiga magoti. Mkono wa mwalimu umeinuka...

Akaisogeza lenzi karibu.

Mdomo wa Khamsouk ulifunguka. Picha iliyofuata, ukafunguka zaidi. Ya tatu, midomo ikakutana. Naam. Kijana alikuwa amejibu! Na ubavuni pake mgeni alitazama mbele, midomo imefungwa. Phetsamone alihesabu picha arobaini. Katika zote arobaini, midomo ile haikuachana hata kwa upana wa unywele.

Machozi yakamtoka. "Mama," alinong'ona, "amejibu."

Toni.

Aliinua kichwa. Maji yalikuwa yakidondoka.

Toni... toni... toni...

Harufu ya siki ilikuwa imekwisha. Mahali pake palijaa harufu nyingine, nzito, ya matope ya mto yaliyofukuliwa.

Mlangoni alisimama mtawa. Joho lake lilimgandama mwilini, likidondosha maji.

"Kata," alisema kwa sauti ya chini. "Kipande kidogo tu. Urefu wa kiganja."

Phetsamone alimtazama usoni. Kisha akatazama mezani. Kisha akamtazama tena.

Uso ulikuwa uleule wa kijana mgeni. Haukuwa na kunyanzi moja.

"Kipande hicho," alisema Phetsamone, "mama yangu amekingoja miaka hamsini na moja."

"Kikioneshwa, watalifuta jina langu katika orodha ya watawa."

"Wewe una jina la kufutwa. La mama yangu lilifutwa zamani."

Mtawa akapiga hatua. Maji yakatangulia mbele yake, yakatambaa sakafuni. Akanyoosha mkono wazi, kiganja juu, apokee filamu.

Hapo ndipo nywele zilipomsimama Phetsamone. Mtawa hapokei kitu mkononi mwa mwanamke. Hutandika kitambaa, mwanamke akaweka, naye akaokota. Hata mtawa wa juzi hulijua hilo. Huyu alikuwa amevaa joho miaka hamsini na moja, na mkono ulikuwa umenyooshwa...

Lakini hasira aliyorithi kwa mama yake ilikuwa na umri mkubwa kuliko hofu yake. Akaifumbata filamu kifuani.

"Wewe ni mwanadamu?" akamuuliza.

Mkono ukaganda hewani.

"Swali hilo haliulizwi na mwanamke."

"Basi jibu, uniaibishe."

Koo la yule mtawa lilipanda na kushuka, likapanda na kushuka, kama la mtu aliyekwamwa na mfupa. Neno halikutoka.

"Mjomba wangu yuko wapi?"

Macho yake yakageuka, polepole mno, yakaelekea mtoni.

"Alinifuata," alinong'ona, "kuniuliza hivyohivyo."

Phetsamone hakungoja zaidi. Alikwenda moja kwa moja mlangoni, hakuinamisha kichwa, wala hakupisha. Alipopita ubavuni pake, baridi ilimwingia hadi kwenye meno. Ndani ya maji miguu yake ilikanyaga kitu laini, kirefu, kilichosogea.

Hakutazama chini.

Uani aliipachika filamu kwa vidole vilivyokufa ganzi. Mtawa mkuu wa sasa, Onekeo, ambaye wote walimwita Sathu kwa heshima, alimwona pindo za nguo zimelowa.

"Umeanguka, binti?"

"Hapana, Sathu. Nimesimama."

Projekta ikaunguruma. Juu ya shuka wakatokea watu waliokufa, wakitembea, wakicheka, wakikinga macho yao na jua la mwaka mwingine. Kisha duara la watawa. Kisha vijana wawili. Phetsamone alipunguza mwendo wa mashine mpaka mdomo wa Khamsouk ukafunguka mbele ya kijiji kizima, mkubwa kama dirisha, na kufungika.

Watu wakaweka wali chini.

"Mmeona?" Sauti ya Bouavanh ilipasua ua. Alikuwa amesimama. "Mmemwona kaka yangu? Amejibu! Sasa mtazameni huyo mwingine. Mtazameni vizuri, enyi wenye macho!"

Walimtazama. Mwanamke mmoja alimvuta mwanawe mapajani. Sathu Onekeo aliweka kiganja mdomoni, kwa kuwa alielewa kabla ya wengine: yule asiyejibu alikubaliwa, na hakuna aliyewahi kumtoa utawani.

"Bouavanh," mzee Thongdam alisema, kofia mkononi, "sisi tuli... dada yangu, tuli..."

"Nyamaza, Thongdam. Umesema miaka hamsini na moja. Pumzika."

Mwisho wa filamu ukachomoka, ukapigapiga kwenye gurudumu. Shuka likabaki jeupe. Phetsamone alizima mashine, na wote wakasikia.

Ngazi za mtoni.

Paa... Unyayo uliolowa, juu ya jiwe.

Paa...

"Ndani!" Sathu Onekeo aliamuru. "Wote, ukumbini!"

Watu wakainuka kwa kusukumana, makapu yakipinduka, viatu vikiachwa. Harufu ya matope ilipanda uani. Phetsamone alimkimbilia mama yake, akamshika mkono, akamvuta. Mkono haukuvutika. Bouavanh alikuwa amekwisha kukaa tena mkekani, miguu ameikunja upande kwa adabu, uso ameuelekeza kwenye ngazi.

"Mama, twende! Mama, nakuomba!"

"Mimi? Niende wapi?" Alijifunga shali begani, akaikaza. "Miaka yote hii wao ndio walionikimbia."

Paa...

"Anakuja yule mgeni, mama."

"Naona. Nina swali la kumuuliza." Akamsukuma bintiye kando, bila ukali. "Sogea basi, mwanangu. Umemzibia njia."