Wachongaji Wasio na Sugu

"Kinyago kimeiva. Ndege ni saa kumi. Ingia."

Sauti ya Bi Sagal, mkuu wa kitengo, ilikatika kwenye kifaa kidogo kilichokuwa sikioni mwa Mbaluka, askari kanzu. Casio yake ilisema saa sita na dakika kumi mchana. Mbele yake, hapa mtaani Komarock, lilisimama godauni la mabati. Ndani yake watu kumi na wawili walikuwa wakiandaliwa kupelekwa Brazil, kisha kwa mabasi, maboti na miguu hadi mpakani mwa Marekani. Njia nzima wangejiita wachongaji wa vinyago wanaokwenda kwenye maonyesho.

Mbaluka aliikagua bastola yake ya Glock. Huyu hakuwa mtu wa kutetemeka ovyo. Aliwahi kuruka kutoka kwenye lori linalokimbia kule Mlolongo, akainuka akijipangusa vumbi.

Leo viganja vilimtoka jasho.

Sababu ilikuwa imeketi kiti cha nyuma cha Probox. Nerima, mwanamke wa mtaa wa Lucky Summer aliyerudishwa nchini miezi mitatu iliyopita, ndiye aliyemleta hapa.

"Ni hapa tu, afande. Tulifunzwa wiki mbili. Kule bandarini Colombia tuliulizwa sisi ni kina nani, tukatoa barua, tukaachiliwa tupande boti. Ilikuwa na muhuri wa serikali. Kila mtu aliiamini, hata sisi."

"Na dada yako?"

"Everline alibebwa na mto, ng'ambo, huko msituni." Akatazama nje. "Ofisi zote nimezunguka. Ni wewe tu ulinisikiza."

Mbaluka aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto.

Barua ile aliitia sahihi yeye.

Mwaka jana, alipokuwa amewekwa kwa muda kwenye dawati la barua za serikali mjini, mjomba wake Kisilu alimjia na karatasi. "Ni vijana wangu wa kuchonga, mwanangu. Weka sahihi." Kisilu ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufa. Utamhojije mtu aliyekulisha? Alitia sahihi, akapiga muhuri, wakaenda kunywa chai. Nerima alipomsimulia habari za barua, aliijua papo hapo. Siku tatu alijua, na siku tatu alinyamaza.

"Baki kwenye gari," alimwambia.

Mlango aliupiga teke moja.

"Viganja juu!"

Watu kumi na wawili walikuwa wameketi juu ya magogo, wameshika tezo kama mtu aliyeachiwa mtoto wa wenyewe. Viganja vikapanda. Vilikuwa laini. Hakuna sugu hata moja.

"Karao! Wasee, tokeni!" Luseno, dalali wa safari hizo, alichomoa bastola.

Risasi ikatoboa bati. Mbaluka akalala chini, akaokota kipande cha mpingo, akakirusha. Kilimpata Luseno gotini. Pingu zikalia.

Sekunde tisa.

Nyuma ya meza alibaki mzee mmoja, mwalimu wa kushika tezo. Kisilu.

"Mwanangu," alisema, akisukuma barua na kiberiti mezani. "Barua yako iliyobaki ni hii moja tu, ndiyo tunayoiga na kubadili majina. Ichome. Nani atajua?"

"Ulijua kuna aliyekufa, mjomba?"

"Niliambiwa wanafika."

"Mmoja hakufika."

Mzee akainamisha kichwa. Mchuma janga hula na wa kwao, na hapa sahani ilikuwa ya wawili.

Na hili lazima lisemwe: Mbaluka alikichukua kile kiberiti. Akatoa njiti. Kwa pumzi mbili hivi alitaka kabisa kuiwasha.

"Afande," mama mmoja kati ya wale kumi na wawili aliuliza, kiganja bado kiko juu, "kwani hiyo barua ni ya uongo? Mimi nimeuza shamba."

Njiti ikamponyoka. Akaitia barua kwenye mfuko wa plastiki wa ushahidi, akabonyeza redio yake ya Motorola.

"Kinyago kimevunjwa. Kumi na wawili salama, wawili mbaroni. Barua ninayo."

"Safi sana. Sahihi ya nani?"

Mbaluka aliitazama sahihi ndani ya plastiki.

"Mbaluka. Sahihi ya nani?"

"Yangu."

"Rudia."

"Yangu, mkuu. Na muhuri niliupiga mimi."

Redio ilikoroma.

"Kikosi kinaingia sasa. Acha silaha mezani. Gari la kukuchukua wewe litakukuta barabarani."

Mficha uchi hazai, wanasema. Hawasemi kufunuliwa kunauma namna gani. Aliiweka Glock mezani, akageuka.

Nerima alikuwa mlangoni. Hakuwa amebaki kwenye gari, na alikuwa amesikia yote.

Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga.

"Majina yetu yalikuwa hapo chini ya barua," alisema. "Jina la Everline lilikuwa la nne. Ulilisoma?"

"Sikusoma."

"Hata moja?"

"Hata moja, dada."

Nerima alisogea kando ampishe. Mbaluka akapita, macho chini, hatua zake zile zile za taratibu, hadi Barabara ya Kangundo. Akasimama juani kulisubiri gari.