Naomie Hatakaa Nje

Mavuno ya mpunga yalikuwa yameanza. Nyumba ya Isidore iko pembeni mwa Kabambare, pale nyumba zinapokwisha na mashamba yanapoanza. Asubuhi ile kila mtu alikuwa na kazi yake. Isidore alikuwa ananoa visu vya kukatia masuke. Mke wake, Laetitia, alikuwa anatwanga muhogo. Binti yao Naomie, msichana wa miaka kumi na tano, alikuwa anapepeta mchele huku anaimba.

Mara wimbo ukakatika. Ungo ukaanguka na mchele ukamwagika. Naomie akapiga ukelele mmoja, akaanguka chini. Macho yalimgeuka. Mikono ilikakamaa. Mwili mzima ulitetemeka, na povu likamtoka mdomoni.

"Leta kijiko!" Isidore alipiga kelele. "Atajing'ata ulimi!"

Alimkandamiza mtoto chini kwa nguvu zake zote. Laetitia akaleta kijiko, na Isidore akakisukuma katikati ya meno ya Naomie. Majirani walikuja, lakini walisimama mbali.

"Papa Shemasi, hapana gusa ile povu!" mwanamke mmoja alisema. "Inaambukiza!"

Baadaye Naomie alitulia. Alifungua macho. Mdomo wake ulikuwa unatoka damu, na jino moja la mbele lilikuwa limevunjika kwa kile kijiko. Alitazama watu waliosimama mbali.

"Baba, nimeanguka tena?"

Isidore alimwinua akae. Alimfuta damu kwa mkono.

Ugonjwa huu ulianza mwaka uliopita. Isidore ni shemasi. Tangu ujana wake ndiye aliyekuwa anafungua mlango wa kanisa kila Jumapili na kufagia. Naomie alipoanza kuanguka, Isidore aliamini kwamba Mungu atamponya haraka. Nani mwingine atasikilizwa, kama si mtu anayefagia nyumba ya Bwana? Alifunga. Aliomba. Naomie aliendelea kuanguka.

Kisha wazee wa kanisa walikutana. Walisema Naomie anaogopesha watoto wakati wa ibada. Ni afadhali akae nje, karibu na mlango. Isidore aliinamisha kichwa. Jumapili iliyofuata, yeye mwenyewe alitoa kibao cha kukalia na kumwekea mtoto wake nje.

Sasa, baada ya Naomie kuanguka siku ile ya mavuno, mtu mmoja akamwambia Isidore habari za Nabii Pacifique. Nabii huyu alikuwa na chumba cha maombi huko Lusangi, karibu na kambi ya wachimba dhahabu. Isidore alimpeleka Naomie kule kwa pikipiki.

"Ni pepo la maji," nabii alisema. "Mtoto asile, asinywe, asilale. Tutakesha naye mpaka pepo litoke."

Naomie alikaa mle ndani bila chakula na bila usingizi. Akaanza kuanguka mara nyingi kuliko zamani. Siku ya tatu alianguka juu ya mafiga ya moto, na waombaji waliendelea kuimba, hakuna aliyemgusa. Isidore alipotoka kuchota maji na kurudi, alikuta mkono wa kushoto wa mtoto wake uko ndani ya makaa.

Alimvuta. Alimwagia yale maji yote mkononi. Naomie alipozinduka, alilia kwa maumivu.

"Shemasi," nabii alisema, "imani yako ni fupi. Ndiyo maana pepo linakataa kutoka."

Isidore alisimama. Yeye ni mtu mpole, lakini siku ile sauti yake ilisikika mpaka kambini.

"Imani yangu ni fupi? Nilikuletea mutoto mugonjwa. Leo ananirudia mugonjwa na ameungua! Watu wako walimutazama anaungua wakaimba! Kama hii ndiyo imani ndefu, mimi nabaki na yangu fupi."

Akambeba Naomie, akaondoka.

* * *

Katika kituo cha afya cha Kabambare kulikuwa na muuguzi mwanamke anayeitwa Kavira. Alitoka upande wa Butembo. Watu wengine walikuwa hawajamzoea, kwa sababu ni mgeni. Kavira alisafisha jeraha la Naomie polepole, akalifunga kitambaa safi. Kisha akauliza:

"Papa, huyu mutoto huwa anaanguka namna gani?"

Isidore alieleza yote: ukelele, kutetemeka, povu. Alieleza pia habari ya kijiko.

"Huu ugonjwa unaitwa kifafa," Kavira alisema. "Ni ugonjwa wa ubongo. Si pepo, na si laana. Kwa wengine unaanza baada ya homa kali ya utotoni, au kuumia kichwa, au shida wakati wa kuzaliwa. Hapa kwetu mara nyingine unakuja pamoja na ugonjwa wa upofu unaoletwa na inzi wa mutoni. Na kwa wengine hatujui ulitoka wapi."

"Na ile povu?"

"Ni mate tu. Haiambukizi mutu. Unaweza kumushika, unaweza kula naye, unaweza kulala naye kitanda kimoja. Lakini papa, sikia vizuri. Usiweke tena kitu mudomoni. Hakuna mutu anayemeza ulimi wake. Kijiko kinavunja meno, basi. Na usimukandamize."

"Sasa nifanye nini?"

"Ondoa vitu vya kumuumiza. Weka nguo laini chini ya kichwa. Legeza nguo shingoni. Mulaze kwa ubavu ili mate yatoke. Kaa naye mpaka azinduke. Kama kutetemeka kunapita dakika tano, au anaanguka tena kabla hajazinduka, hapo mubebe, mulete hapa mbio."

Laetitia, aliyekuja nao kituoni, aliuliza, "Dawa iko?"

"Iko, mama. Vidonge. Atameza kila siku mangaribi, jua likizama, hata kama anajisikia muzima. Siku za kwanza atasikia usingizi. Asikae na njaa, asikose usingizi, maana hayo yanaleta kuanguka. Asipike peke yake, asiende mutoni peke yake. Na dawa isikatwe kwa ghafula. Ikikatwa hivyo, ugonjwa unarudi na nguvu."

"Atapona kabisa?" Isidore aliuliza.

Kavira alimtazama usoni. "Wengi wanaacha kuanguka. Wengine wanaanguka mara chache tu. Yeye sijui atakuwa upande gani. Siwezi kukudanganya."

Isidore alitaka neno moja tu: atapona. Hakulipata kwa nabii, na sasa hakulipata kwa muuguzi.

* * *

Siku chache baadaye Isidore alikuwa anakata mpunga na mke wake. Jua lilikuwa kali. Ghafula alitupa kisu chini, akatazama juu.

"Nimekufanyia nini?" alisema kwa sauti kubwa. "Nimefungua mulango wako kila Jumapili! Nimefagia nyumba yako! Kitu kimoja tu nilikuomba. Kimoja! Na wewe unanyamaza!"

"Baba Naomie," Laetitia alisema kwa hofu.

"Acha niseme! Yeye anasikia. Kama hasikii, basi hakuna ubaya."

Naomie alikuwa anakuja na chakula, ugali wa bukari na mboga ya sombe, amekibeba kwa mkono usioungua. Alisikia yote. Aliweka chakula kivulini, akaketi.

"Baba, unagombana na Mungu kwa ajili yangu?"

Isidore aliona haya. "Nimechoka, mwanangu."

"Mimi pia. Lakini nisikie. Nikianguka, sijui kitu. Ni giza tu. Halafu ninaamka. Ninakuta wewe unalia, watu wamekimbia, lakini mimi niko palepale. Sijaamka hata siku moja nikakuta Mungu ameondoka."

"Basi mbona hakuponyi?"

"Sijui. Wewe unaniona pale ninapoanguka tu, tangu asubuhi mpaka jioni unawaza kuanguka kwangu. Yeye ananiona yote. Ananiona nikiwa chini, na nikisimama, na nikiwa mwanamke mzee na wajukuu. Wewe bado hujafika kule, baba. Yeye ameshafika." Kisha akavuta pumzi. "Kitu kinachoniumiza si kuanguka. Kitu kinachoniumiza ni kile kibao. Wewe ndiye uliniwekea nje."

Laetitia aliacha kukata mpunga. Isidore alikaa chini kwenye mabua, na kwa muda mrefu hakuweza kula.

Tangu siku ile, Isidore mwenyewe alimpa Naomie kidonge kila mangaribi. Walisali kwanza, kisha akameza. Isidore alijenga jiko la udongo lililoinuka, ili moto usiwe chini. Naomie aliacha kwenda kuchota maji bila mwenzake. Mwezi wa kwanza alianguka mara moja. Mwezi wa pili hakuanguka.

Kisha mvua kubwa zilikuja. Barabara ikawa matope matupu, na vidonge vikaisha kituoni.

"Papa, usingoje," Kavira alimwambia. "Nenda Kasongo. Nitakuandikia jina la dawa."

Isidore alipanda pikipiki ya Radjabu, kijana wa Kiislamu anayesafirisha watu njia ile. Waliisukuma pikipiki katika matope zaidi kuliko walivyoipanda. Mahali pamoja walianguka wote wawili majini.

"Shemasi, turudi!" Radjabu alisema.

"Rudi wewe, uniachie pikipiki!"

"Hujui hata kuiendesha!"

"Nitaisukuma mpaka Kasongo!"

Radjabu alicheka, akashika usukani tena. Walifika Kasongo wamejaa udongo mpaka masikioni. Walirudi na dawa kabla ya vidonge vya nyumbani kwisha.

* * *

Wakati wa ubatizo ulikaribia. Naomie alikuwa amemaliza mafundisho yote, ingawa Jumapili bado alikaa nje kwenye kibao. Lakini siku ya kusoma majina, Pasta Alain hakusoma jina lake.

Isidore alisimama katikati ya kanisa.

"Pasta, umesahau jina."

"Sikusahau, Shemasi," Pasta Alain alisema kwa upole. Yeye si mtu mbaya, ila aliogopa. "Tunabatiza mutoni. Wazee wanasema ana pepo la maji. Na kama akianguka ndani ya maji?"

"Ndiyo maana Mungu alikupa mikono miwili, Pasta. Na mimi niko na miwili. Minne inatosha kwa mutoto mumoja."

Watu wengine walicheka. Isidore hakucheka.

"Nilimwomba Mungu aondoe huu ugonjwa," aliendelea. "Bado upo. Sitadanganya mbele yenu kwamba umeisha. Lakini sitadanganya pia kwamba Mungu ametuacha, maana hajatuacha. Mimi nilikubali mutoto wangu akae nje, na nilikosa. Leo nasema hapa: Naomie hatakaa nje. Kama yeye iko nje, mimi pia niko nje."

Alichukua benchi la mashemasi, akalibeba begani, akatoka. Laetitia akamfuata. Waliketi nje karibu na Naomie, wakaimba nyimbo zote kwa sauti kubwa kuliko waliokuwa ndani.

Jumapili ya pili walikaa tena nje. Mama mmoja wa kwaya alitoka, akaketi nao. Halafu wawili. Kisha vijana. Jumapili moja Pasta Alain alitazama viti mbele yake, akaona nje kuna watu wengi kuliko ndani. Akafunga Biblia, akatoka naye. Alisimama mbele ya Isidore.

"Shemasi, unataka nifanye nini?"

"Mwite Mama Kavira aje atufundishe. Wote. Hata wazee."

Kavira alikuja. Alieleza kifafa ni nini na dawa ni ipi. Alimwomba kijana mmoja alale chini, akawaonyesha jinsi ya kumlaza kwa ubavu. Wazee waliuliza maswali mengi.

"Na majini je?" mmoja aliuliza.

"Kuogelea peke yake, hapana," Kavira alijibu. "Lakini mahali maji ni machache, watu wawili wakimushika vizuri, anaweza kuingia na kutoka mara moja."

Mzee yule alifikiri. Kisha akasema, "Basi mimi nitakuwa mutu wa tatu."

Siku ya ubatizo maji ya mto yalikuwa yamepungua. Naomie aliingia akiwa amevaa nguo nyeupe. Maji yalimfika kiunoni. Pasta Alain alimshika upande mmoja, Isidore upande wa pili, na mzee alisimama nyuma.

Alizama. Alitoka. Ukingoni watu walipiga vigelegele, kwaya ikaanza kuimba.

Naomie alikuwa ameshapanda ukingoni, amefungwa kitambaa kikavu cha kikwembe, alipoanguka.

Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Isidore alikuwa bado anatoka majini. Alikimbia. Lakini alipofika, alikuta hana kazi. Mama mmoja alikuwa ameshaweka nguo chini ya kichwa. Kijana alikuwa anaondoa mawe. Pasta Alain alikuwa amepiga magoti katika mchanga na suruali yake iliyolowa, anamlaza Naomie kwa ubavu na kumfuta povu kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna aliyekimbia. Hakuna aliyetaja pepo.

Isidore alipiga magoti karibu. Alitazama juu, kama alivyotazama siku ile shambani. Safari hii hakuuliza kitu. "Tuko hapa," alisema tu. "Na wewe uko hapa."

Kutetemeka kukaisha. Naomie akafungua macho. Alikuta nyuso nyingi karibu yake, karibu sana.

"Nimeanguka?"

"Ndiyo, mwanangu."

Alitega sikio.

"Mbona hawaimbi?"

"Wanakungoja wewe," Isidore alisema.

"Basi waimbe," Naomie alisema. "Mimi nakuja."