Maji Ndani ya Breki

Kila asubuhi Jamilah alikwenda soko la Kalerwe na gari la familia, akarudi nyumbani Kisugu, jijini Kampala, na mboga za mkahawa wake. Mumewe, Shafiq, aliuza vitambaa dukani. Walikuwa na binti mmoja, Shifa.

Jumanne moja, akiteremka kilima akiwa na mzigo, Jamilah alikanyaga breki. Pedali ilizama hadi chini. Gari halikusimama. Alivuta breki ya mkono, akaliingiza kwenye rundo la mchanga. Mama aliyekuwa akichoma ndizi za gonja kando ya barabara alikimbia, akaacha kiatu kimoja.

Gari lilipovutwa hadi nyumbani, Shafiq alimlaumu. Gari lilitoka kutengenezwa breki kwa fundi Wahabi wiki iliyopita, alisema, basi kosa ni la dereva. Wahabi alipopigiwa simu alicheka, akasema wanawake hukanyaga breki ovyo.

Jamilah alikasirika. Alimwita Nangila, jirani yao, fundi wa magari, akamtaka Shafiq asimame hapo aone.

Nangila alifungua chupa ya oili ya breki, akachovya kidole.

"Baba Shifa, haya ni maji ya sabuni."

Alieleza kwamba mguu husukuma oili, na oili husukuma pedi zibane diski ya gurudumu. Mteremkoni breki hupata moto sana. Maji huchemka upesi, yakawa mvuke. Mvuke hubonyea, kwa hiyo nguvu ya mguu haifiki kwenye gurudumu. Kisha akafungua magurudumu ya mbele. Upande mmoja pedi zilikuwa mpya. Upande wa pili zilikuwa zimeisha hadi chuma.

"Wiki nzima nimempeleka Shifa shule kwa gari hili," alisema Jamilah.

Shafiq alimwita Wahabi. Alikuja akijitetea kwamba oili ilikuwa imemwishia, na mafundi wengi hufanya hivyo. Jamilah akamnyooshea ufunguo.

"Basi literemshe wewe."

Wahabi aliutazama ufunguo. Hakuupokea.

Nangila alimwaga maji yote, akasafisha mirija ya breki na kubadilisha mipira ya kuzuia oili isivuje, iliyokuwa imeharibika. Alitia oili ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha chupa ya breki, kutoka kopo jipya alilolifungua mbele yao. Akatoa hewa iliyobaki kwenye mirija. Akaweka pedi mpya pande zote mbili. Aliwaambia wakague pedi mara kwa mara, wabadilishe oili kila miaka miwili, na mteremkoni watumie gia ndogo.

Jumamosi, Shafiq alikaa kando ya mkewe kwenye kilima kile kile. Bodaboda ilikatiza ghafla mbele yao. Jamilah alikanyaga, pedali ikawa ngumu, gari likasimama.

"Limesimama vizuri," Shafiq alisema.

"Dereva ni yule yule," alijibu Jamilah.