Mgao wa Tatu

Violet, fundi, alikata diski ya kompyuta vipande viwili, vikatoka vitatu.

Alidhani kakosea. Akafuta, akaanza upya, polepole, kama anayekata kitambaa cha mwenzie. C ya Getruda, mjane. D ya Hironimus, shemeji yake. Akawasha kompyuta. C, D, na E.

"Msomi wa chuo!" Hironimus alicheka kwa pua. "Hata kugawa kwa mbili hujui?"

"Kugawa unajua wewe, mzee," Violet alimrudishia. "Shamba la Madaba uligawa, likabaki lote kwako."

Getruda akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba. Emiliani mumewe alikuwa hajatimiza siku arobaini kaburini. Mwaka tisini na saba alipunguzwa kazi serikalini, akanunua kompyuta hii kwa kiinua mgongo, akafungua duka la kuchapa barua hapa Songea mjini. Humu humu alikutwa amekufa, kapigwa na umeme, vidole vimeganda juu ya vitufe. Na siku hiyo mji mzima ulikuwa kwenye mgao, hakuna umeme hata wa kuunguza nzi. Ukoo ukasema ni kazi ya Mungu. Kisha ukoo huohuo ukakaa kikao: mashine haipasuliwi kwa shoka, basi igawanywe ndani, mjane achape asubuhi, shemeji mchana, kila mtu na chumba chake.

"Tuliogawana ni wawili," Getruda alisema taratibu. "Huyu wa tatu nani, shemeji?"

Hironimus alikuwa anautazama mlango.

Saa nane mchana umeme ukakatika. Taa ikazimika, redio ya kinyozi jirani ikanyamaza. Kioo cha kompyuta kikabaki kinawaka. Violet akachomoa waya ukutani. Kikabaki kinawaka, na ndani ya kasha ukaanza mlio kama wa mtu anayetafuna vifupa bila haraka, mtu aliyeshiba lakini hataki kuacha, na harufu ya nywele zilizoungua ikapanda taratibu mpaka ikawakaa kooni.

"Ifute hiyo E," Getruda alinong'ona.

"Haifutiki mpaka niandike jina lake, dada. Mashine inauliza jina kwanza."

"Kama mganga anavyomuuliza jini kabla ya kumtoa," Getruda alisema.

Wanawake wote wawili wakamgeukia Hironimus.

"Msinitazame hivyo..."

"Sema jina!"

"Nilitaka duka tu." Sauti ilikuwa ya mgonjwa. "Jini lile halina jina lake lenyewe. Hubeba la mtu uliyemtoa kafara."

Violet akaandika EMILIANI. Mashine ikakataa.

"Huyo limeshamla," Hironimus alisema huku analia. "Sasa linabeba la anayefuata."

Hakumtaja. Macho tu yalimponyoka, yakatua kwa mjane. Violet, kwa hasira iliyozidi hofu, akaandika GETRUDA herufi moja moja, na kila herufi ile tafunatafuna ilikwenda mbio zaidi, mpaka mashine ikakubali na kuuliza kama ana uhakika anataka kufuta GETRUDA, ndiyo au hapana.

"Usiguse!" Getruda akamshika mkono. "Jina linabadilishwa?"

"Linabadilishwa, dada. Mradi lisizidi herufi kumi na moja."

"Hironimus zipo ngapi?"

Violet akahesabu kwa vidole. "Tisa."

"Shemeji, jamani, sisi si ndugu?"

"Andika," alisema Getruda.

Violet akaandika HIRONIMUS. Kutafuna kukakoma. Kisha kukaanza tena, safari hii upande aliosimama Hironimus.