Swali Moja la Bima

Kila siku akitoka shule, Chiriku alipitia kwenye kibanda cha baba yake, fundi cherehani. Alitua mkoba, akafagia vipande vya kitambaa, kisha akakaa kwenye kigoda kushona vifungo. Mikono ilifanya kazi na mdomo haukupumzika. Ndiyo maana baba alimpachika jina hilo, na wateja nao wakalidaka.

Lakini muhula huo cherehani ilinyamaza mara nyingi. Baba alishona pindo moja, akapumzika, kichwa amekiegemeza kwenye mashine. Mikononi alikuwa na mabaka ya zambarau kama mtu aliyepigwa, na fizi zilimtoka damu kila alipopiga mswaki. Daktari wa zahanati alimpima, akarudia kumpima, kisha akasema, "Fundi, damu yako haiko sawa. Inabidi umwone bingwa wa magonjwa ya damu na saratani. Uwezo wetu hapa umefikia mwisho."

Nyumbani hakuna aliyetamka neno saratani. Mama, ambaye alikuwa mfagizi katika ofisi ya serikali, alitoa kadi ya bima ya familia akaiweka mezani.

"Hii ndiyo itakayotubeba," alisema. "Ila si kila hospitali inaipokea, na mabingwa wa damu ni wachache. Chiriku, wewe Mungu kakupa mdomo. Kesho hakuna shule, piga simu. Uliza mambo mawili tu: bingwa yupo? Na bima ya serikali wanaipokea?"

"Hilo tu, mama? Dogo hilo!"

Kesho yake baba alibaki kitandani. Chiriku alifungua kibanda akaanza kupiga simu. Hospitali ya kwanza haikuwa na bingwa. Alipokuwa akitafuta namba ya pili, akaingia Twiga, rafiki yake mrefu wa darasani, kuchukua sketi yake ya shule.

"Unapiga hospitali ile ya vioo?" Twiga aliuliza, akichungulia simu. "Hapo ndipo baba hutupeleka sisi. Kuna viti vinavyozunguka! Si kama huko kwa watu wa bima ya serikali, unapanga foleni mpaka unaota mizizi."

Chiriku akacheka naye. Hakujua ni kwa nini alicheka.

Simu ikapokelewa. "Ndiyo, bingwa wa damu tunaye," ilisema sauti ya mwanamke. "Mleteni mgonjwa Alhamisi. Mtalipaje, kwa bima au taslimu?"

Twiga alikuwa amesimama pale pale, sketi begani, anasikiliza.

"Tutalipa tu," alisema Chiriku.

"Taslimu?"

"Ndiyo."

Jioni mama aliuliza, "Haya, niambie. Na bima?"

"Wanapokea," alijibu Chiriku. Alijiambia kwamba hospitali kubwa kiasi kile haiwezi kukosa kuipokea. Alikusudia kupiga tena akiwa peke yake. Lakini kila aliposhika simu, aliwaza kwamba yule mwanamke ataitambua sauti yake, akairudisha mezani.

Alhamisi ikafika. Shule zilikuwa zimefungwa, na mama hakupewa ruhusa kazini, kwa hiyo Chiriku ndiye aliyemsindikiza baba. Baba alivaa koti aliloshona mwenyewe, ambalo sasa lilimpwaya mabegani. Kwenye ngazi za hospitali alipumzika mara kadhaa. Walipofika mapokezi, aliitoa kadi kwa mikono miwili, akitabasamu.

Mhudumu wa mapokezi, mama mmoja mwenye miwani, aliigeuza kadi huku na huku. "Mzee wangu, pole. Hii hatuipokei."

"Lakini binti yangu alipiga simu, dada."

"Simu za bingwa wa damu nazipokea mimi. Aliyepiga alikuwa mtoto, akasema taslimu. Nilimuuliza mara mbili." Macho yake yakahamia kwa Chiriku, yakatulia hapo.

Nyuma yao watu waligeuza shingo. Chiriku alihisi masikio yanawaka.

"Basi kosa ni langu," alisema baba haraka. "Nilimweleza vibaya. Mtoto hana hatia. Samahani, dada, tumekupotezea wakati."

Aliipangusa kadi kwa mkono wa koti, akairudisha mfukoni. Chiriku aliona afadhali angezabwa kofi mbele ya watu wote.

Baba hakufika mlangoni. Miguu ilimwishia, akakaa kwenye benchi. Chiriku akabaki amesimama.

"Baba, hukunieleza vibaya. Nilidanganya. Twiga alikuwepo, nikaona haya kuitaja bima yetu."

Baba alimtazama usoni. "Uliionea haya kadi, au ulinionea haya mimi?"

"Kadi," alisema Chiriku. Kisha machozi yakamtoka. "Sijui, baba."

Mhudumu wa mapokezi alikuja na glasi ya maji. Alimpa baba, akamgeukia Chiriku. "Bingwa wetu huyu huyu, kila Jumanne yuko hospitali ya rufaa ya serikali, na kule kadi yenu inapokelewa. Ungeniuliza tu siku ile ningekuambia, na juzi angeshamwona baba yako. Piga sasa wamwandikishe. Namba hii hapa."

"Hapa, mbele ya watu?"

"Hapa hapa," alisema baba.

Chiriku akapiga. Aliuliza mpaka mwisho: bingwa yupo? Bima ya serikali mnaipokea? Aje na nini? Akaambiwa lazima mgonjwa aje na barua ya rufaa kutoka zahanati, la sivyo bima hailipi.

Siku za kungojea Jumanne zilikuwa ndefu. Mchana mmoja pua ya baba ilitoka damu, ikalowesha taulo zima kabla ya kukatika. Mama alipokuwa akilifua taulo hilo, Chiriku alimfuata karaini akamweleza yote. Mama hakupaza sauti. Aliendelea kufua, na maji yakazidi kuwa mekundu. Chiriku aliinama wakafua pamoja.

Jumanne mama alipewa ruhusa kazini, wakaenda wote watatu na barua ya rufaa mkononi. Foleni ilikuwa ndefu kweli. Bingwa alimpima baba, akasubiri majibu, kisha akawaita ndani wote watatu. "Ni saratani ya damu, lakini ya aina inayokwenda polepole. Ina vidonge, na kadi yenu inavilipia. Atavinywa kila siku, na nitamwona kila mwezi. Vizuri hamkuchelewa zaidi ya hapa."

Walipokuwa wakingoja dawa, Chiriku alisema kwa sauti ndogo, "Nisamehe, baba."

"Nilishakusamehe pale kwenye benchi," alisema baba. "Lakini sikiliza. Siku ile ungeona haya dakika moja tu mbele ya rafiki yako. Badala yake umeibeba aibu hiyo siku zote hizi, na mimi nimeendelea kubeba damu yangu mbovu. Kadi ile mama yako anaitolea jasho kila mwezi. Ukiiulizia, huombi sadaka. Ukitumwa kuuliza jambo la mgonjwa, uliza lote, kisha utuletee jibu kama lilivyo, hata likiwa baya. Jibu baya tungelitafutia njia. Lile la uongo tuliliamini, tukakaa."

Chiriku aliinamisha kichwa. Baba akaweka mkono wake wenye mabaka juu ya bega lake, na hakuuondoa mpaka walipoitwa dirishani.