Nukta Saba Chini ya Boti

Haya yalimpata rafiki yangu Kiptum, seremala wa shamba moja la chai karibu na Kimulot, mwaka wa 1994. Meneja alitaka boti kuukuu ya injini irudi bwawani kesho yake, na kanuni ilisema anayetia sahihi kwamba haivuji ndiye ataipanda kwanza. Kanuni haikuuliza kama anajua kuogelea. Kiptum hakujua.

Basi akaipandisha boti juu ya magogo ndani ya stoo, akaweka taa ya chemni ndani ya hiyo boti, akafunga mlango na kulala chali chini ya boti. Katika giza lile kila ufa ulitoa nukta ya mwanga. Zilikuwa saba. Akaanza kuzitia alama ya chaki.

Mbao zikalia. Nukta ya mbele ikazimika, ikawaka. Ikafuata ya pili, kisha ya tatu, kama mtu anayetambaa ndani akielekea nyuma.

"Gekara, toka kwa boti, bwana. Ukinivunjia mbao, kesho nitazama mimi."

"Boti gani?" Gekara, karani wa shamba, akajibu kutoka nje ya mlango. "Niko huku nakugongea fomu mhuri."

Mbao zikanyamaza. Nukta ya saba, iliyokuwa juu ya uso wake, ikazimika na haikuwaka tena. Kupitia ufa huo hewa ya joto ikamgusa shavu, ikarudi ndani, ikatoka tena.